“Consecutive” au “continuous”? Ulinganisho wa maneno ya Kiingereza ambayo sisi huyaita yote “mfululizo”

Mwezi Juni, msimu wa wageni ulipoanza kuchangamka, kijana mmoja anayeongoza wageni mlimani aliingia katika steshenari iliyo jirani na Stendi Ndogo hapa Arusha, ambako nina meza yangu ya kuhariri na kutafsiri, akanisalimu, “Shikamoo, mwalimu,” kisha akaninyooshea simu nisome barua pepe ya mteja wake. Mteja huyo alikuwa amelipia safari ya siku sita ya kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, na katika ratiba aliyotumiwa alikuta maneno “three consecutive nights at Horombo Huts”. Swali lake lilikuwa fupi na la haki: ikiwa analala Horombo mara tatu mfululizo, Kibo atalala lini?

Mtu anayeijua njia ile ataona kosa mara moja. Usiku wa kwanza hulaliwa Mandara, na wa pili Horombo, kwenye urefu wa takriban mita 3,720. Usiku wa tatu hulaliwa hapo hapo Horombo, kwa kuwa siku hiyo hutumika kuuzoesha mwili hewa nyepesi, mgeni akipandishwa kidogo hadi Zebra Rocks na kurudishwa chini. Wa nne ni wa Kibo, ambako kulala kwenyewe ni kwa jina tu, maana safari ya kwenda kilele cha Uhuru, mita 5,895, huanza karibu na usiku wa manane. Wa tano ni wa Horombo tena, wakati wa kushuka. Mara tatu ni kweli, lakini zinazofuatana ni mbili tu. Kilichoniuma zaidi ni kwamba sentensi ile niliiandika mimi mwenyewe, mwaka uliotangulia. Nilikuwa nimeletewa Kiswahili kinachosema “Horombo mara tatu”, na hilo neno la kufululiza nikaliongeza kwa kutaka Kiingereza changu kipendeze.

Tangu siku ile nimekuwa nikiyaweka maneno haya bega kwa bega kila ninapohariri ratiba, mkataba au barua, na ninayoyaandika hapa ni kwa ajili ya yule anayekaa mbele ya kompyuta akijiuliza achague lipi kati ya “consecutive”, “continuous”, “successive”, “continual” na ndugu zao.

Shida inaanzia kwetu

Neno letu “mfululizo” ni karimu mno. Jirani akikuambia kwamba mtaani Sakina umeme ulikatika siku tatu mfululizo, amekupa habari moja yenye maana mbili. Huenda umeme ulikatika Jumatatu asubuhi na haukurudi mpaka Alhamisi asubuhi, saa 72 za giza bila hata dakika moja ya taa. Huenda pia ulikatika Jumatatu jioni kwa saa mbili ukarudi, ukakatika Jumanne jioni ukarudi, na Jumatano vilevile. Msikilizaji wa Kiswahili hahangaiki, kwa sababu atauliza habari za friji: kama samaki waliharibika, basi ni maana ya kwanza, kama walibaki wazima, ni ya pili. Anayeandika kwa Kiingereza hana nafasi ya kuulizwa habari za friji. Kwa maana ya kwanza anatakiwa aseme kwamba kukatika kule kulikuwa “continuous” kwa siku tatu, na kwa maana ya pili aseme kwamba umeme ulikatika katika siku tatu “consecutive”. Akiyabadilisha, atakuwa amesema jambo lingine kabisa, na sarufi yake itabaki safi kiasi kwamba hakuna atakayemshtua.

Kipimo ninachokitumia mimi sikukisoma popote, nacho ni cha Kiswahili kitupu. Kabla ya kuandika neno la Kiingereza, ninaliondoa “mfululizo” katika sentensi yangu na kuweka mahali pake ama “bila kuruka” ama “bila kukatika”. Anayeruka huwa anavipita vitu vinavyohesabika: siku, kurasa, mechi, mikutano, vipindi vya uongozi. Kinachokatika huwa ni kitu kimoja kirefu: maji ya bomba, kelele, mvua, mstari, usingizi. Panapokubali “bila kuruka”, neno ni “consecutive”. Panapokubali “bila kukatika”, neno ni “continuous”. Mikutano ya kikundi cha kuweka na kukopa iliyofanyika Jumatatu tatu bila kuruka hata moja ni mikutano ya Jumatatu tatu “consecutive”, ingawa kati ya Jumatatu moja na nyingine zimepita siku sita ambazo hakuna aliyekutana na mwenzake. Mkutano mmoja uliodumu kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni bila mapumziko ndio “continuous”, pamoja na njaa yake yote.

Hapo ndipo watu wengi hukosea: wanadhani “consecutive” hukataza nafasi ya muda. Linachokataza ni kurukwa kwa kitu cha aina ile ile inayohesabiwa. Kwa hiyo jambo la kwanza la kujiuliza ni kinachohesabiwa ni nini, kwa sababu aina ya kitu ikibadilika na jibu hubadilika. Namba 14, 16 na 18 hazifuatani ukihesabu namba zote, lakini zinafuatana barabara ukihesabu namba shufwa peke yake. Swali la hesabu likimtaka mwanafunzi atafute “three consecutive even numbers” ambazo jumla yake ni 48, jibu ni hizo. Anayelisahau neno la katikati ataandika 15, 16 na 17, atajumlisha, atapata 48 vilevile, na atakabidhi karatasi yake akiwa na amani moyoni. Nimemwona mtoto wa dada yangu akifanya hivyo, na ilikuwa kazi kumshawishi kwamba amekosa, kwa kuwa jumla ilikuwa upande wake.

Sheria moja, maneno mawili

Anayetaka kuyaona maneno haya mawili yakifanya kazi kila moja mahali pake asiende mbali. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika maandishi yake ya Kiingereza, imeyatumia yote mawili kwa makusudi tofauti. Mfanyakazi anayefanya kazi “continuously” kwa zaidi ya saa tano anastahili mapumziko ya angalau dakika 60. Hapo kinachotazamwa ni kazi yenyewe kama kitu kimoja kinachoendelea bila kukatika, na mapumziko ndiyo yanayoikata. Kwenye likizo ya mwaka, sheria hiyo hiyo inazungumzia angalau siku 28 “consecutive”, na inaongeza kwamba sikukuu zinazoangukia ndani ya siku hizo zinahesabiwa humo humo.

Mtu anayetia saini mkataba anapaswa kuliangalia neno hilo kwa macho yote mawili. Siku 28 zinazofuatana ni majuma manne kamili, Jumamosi na Jumapili zikiwemo. Chukua mfanyakazi aliyeanza likizo Jumatatu tarehe 1 Desemba 2025: tarehe 9 ni siku ya Uhuru, tarehe 25 ni Krismasi, na tarehe 26 nayo ni sikukuu, lakini zote zimemezwa na hesabu, na Jumatatu tarehe 29 anatakiwa awe kazini. Kama mkataba ungesema siku 28 za kazi, mtu wa siku tano kwa juma angepumzika kwa zaidi ya majuma matano, na jamaa zetu wa Moshi wangekula mwaka mpya nyumbani bila kutazama saa. Wapo wanaogombana na waajiri wao kwa jambo hili huku kila upande ukiamini unadhulumiwa, na kumbe mzozo wote umekaa juu ya neno moja ambalo halikutafsiriwa vizuri. “Siku 28 za likizo” haitoshi. Tafsiri iliyo salama ni “siku 28 zinazofuatana, zikiwemo siku za mapumziko na sikukuu”, hata kama inaonekana ndefu.

Sheria hiyo inampa mfanyakazi pia mapumziko ya kila siku ya angalau saa 12 “consecutive” kati ya kumaliza kazi na kuianza tena. Mtu makini atauliza kwa nini isiwe “continuous”, kwani saa hizo 12 hazina nafasi ya muda katikati. Jibu ni kwamba saa hugusana: saa moja ikiisha, nyingine imeshaanza, kwa hiyo “bila kuruka” na “bila kukatika” hufika mahali pamoja. Ndivyo ilivyo kwa saa, siku na miaka. Jumatatu hazigusani, wala mechi, wala mikutano. Pale vitu vinapogusana, maneno haya mawili hukaribiana kiasi kwamba ukichagua lolote utaeleweka, ingawa “consecutive” hubaki na ladha ya kuhesabu na “continuous” ladha ya kuendelea. Mwandishi wa sheria alitaka mwajiri azihesabu saa, na mimi naona alichagua vyema.

Hesabu inayoanza upya

Tabia nyingine ya “consecutive” ambayo kamusi huigusa kwa juu juu ni kwamba kikiruka kimoja, hesabu yote huanguka. Waumini wa hapa kwetu wanaifahamu tabia hii pasipo Kiingereza chochote. Muislamu mwenye kafara ya kufunga miezi miwili mfululizo, akila siku moja katikati bila udhuru, huanza upya kutoka siku ya kwanza. Lakini anayelipa siku alizokula katika Ramadhani kwa ugonjwa au safari anaweza kuzilipa moja moja, leo na wiki ijayo, kwa sababu zile zinadaiwa kwa idadi tu. Kwa Wakatoliki, novena ni sala ya siku tisa zinazofuatana, na asiyetokea siku ya sita hawezi kujifariji kwamba ataongeza moja mwishoni. Kuna hesabu ya idadi na kuna hesabu ya kufuatana, na ni hii ya pili peke yake inayolihitaji neno “consecutive”.

Shirika la Afya Duniani hutumia hesabu ya namna hiyo katika kuitambua nchi kuwa imetokomeza malaria: nchi inatakiwa ikae angalau miaka mitatu “consecutive” bila mgonjwa hata mmoja aliyeambukizwa ndani ya mipaka yake. Miaka mitatu ya hapa na pale haihesabiwi. Dawa ya mseto ya ALu, ambayo karibu kila nyumba ya hapa imewahi kuwa na pakiti yake, hutumiwa kwa siku tatu zinazofuatana, dozi sita kwa jumla, ya pili ikifuata ya kwanza baada ya saa nane. Anayeandika maelekezo hayo kwa Kiingereza asiandike kwamba dawa inywewe “continuously” kwa siku tatu, kwa sababu msomaji mwenye utani atauliza kama ataruhusiwa kupumua.

Siasa nazo zimelipa neno hili uzito wake. Katiba ya Urusi ya mwaka 1993 iliweka ukomo wa vipindi viwili vya urais vinavyofuatana. Vladimir Putin alimaliza viwili mwaka 2008, Dmitry Medvedev akaongoza hadi 2012, kisha Putin akarudi bila kuvunja herufi ya katiba, kwa kuwa hesabu ya kufuatana ilikuwa imekatwa na kipindi cha mwenzake. Marekebisho ya mwaka 2020 yaliliondoa neno hilo. Katiba ya Tanzania haina neno hilo katika ibara ya ukomo: inazuia mtu kuchaguliwa zaidi ya mara mbili, ziwe zinafuatana au hazifuatani. Marekani nayo huzuia kuchaguliwa zaidi ya mara mbili, lakini neno lenyewe huchomoza pale wanapowataja marais wawili wa pekee walioongoza vipindi visivyofuatana, yaani Grover Cleveland, wa 1885 hadi 1889 na tena 1893 hadi 1897, pamoja na Donald Trump, wa 2017 hadi 2021 na tena kuanzia 2025. Hapo Kiingereza hutanguliza kikanushi na kusema “non-consecutive”.

Ndugu mgumu: “successive”

Kuchagua kati ya “consecutive” na “successive” ndiyo kazi ngumu kuliko zote, na kamusi hazisaidii sana kwa sababu hulieleza neno la kwanza kwa la pili na la pili kwa la kwanza. Asili zao za Kilatini zinatoa mwanga kidogo. “Consecutive” linatokana na kitenzi cha kufuata, na “successive” linatokana na kitenzi cha kwenda chenye kiambishi kinacholeta picha ya mtu anayeingia nyuma ya mwingine na kuchukua nafasi yake. Kutokana na shina hilo la pili Kiingereza kimepata pia neno la kurithi kiti. Nionavyo mimi, tofauti iliyobaki hadi leo ni hii: “consecutive” humkodolea macho mwenye kuhesabu, na “successive” humtazama yule anayeingia baada ya aliyetoka, pamoja na mabadiliko anayokuja nayo.

Chukua bei ya vitunguu katika soko la Kilombero. Ukitaka kusema kwamba bei ilipanda misimu mitatu bila kuruka hata mmoja, idadi ndiyo habari, na neno ni “consecutive”. Ukitaka kusema kwamba kila msimu ulioingia uliikuta bei ilipoachwa na ule uliotoka na kuisukuma juu zaidi, utaandika “each successive season”, na hapo “consecutive” haliingii kabisa. Hiki ndicho kipimo cha haraka: baada ya “each” au “every”, weka “successive”, na baada ya namba, weka “consecutive”. Kinyume chake si kosa la jinai, kwani “three successive seasons” ni Kiingereza sahihi, lakini anayefuata kipimo hicho hatajikwaa.

Kwa mpira, idadi ndiyo mfalme. Simba walitwaa ubingwa wa ligi misimu minne mfululizo, kuanzia 2017/18 hadi 2020/21, kisha Yanga wakajibu kwa minne yao mfululizo, kuanzia 2021/22 hadi 2024/25. Katika taarifa ya Kiingereza, kila upande umetwaa mataji manne “consecutive”. Lakini ukiandika kwamba makocha kadhaa wa klabu fulani walishindwa kumtumia mchezaji fulani, waite makocha “successive”, maana habari yako ni kupokezana kwao kiti, na hakuna anayejali ni wangapi. Ndivyo pia wanavyotajwa marais wetu kwa jumla yao, kutoka Nyerere hadi Samia, wanapozungumziwa kama watu waliopokezana dola. Mwinyi, Mkapa na Kikwete kila mmoja akitajwa kwa vipindi vyake viwili, tunarudi kwenye “consecutive”.

Wanaobaki, kwa ufupi

“Continual” hufanana na “continuous” kwa sura tu. Lenyewe husema jambo linajirudia mara kwa mara, na katikati linapumua: simu zinazoita kila baada ya dakika kumi, au mbwa wa jirani anayebweka, ananyamaza, anabweka tena. Ukiwa na shaka, jaribu “kila mara”. “Sequential” ni neno la mafundi na watu wa kompyuta, nalo linasisitiza utaratibu kwamba hatua ya pili haifanyiki kabla ya ya kwanza. “Subsequent” maana yake ni “wa baadaye” tu, awe amefuata papo hapo au baada ya miaka kumi. Na “consequently”, ambalo vidole vya haraka huliandika badala ya “consecutively”, ni “kwa hiyo”. Maneno hayo mawili yametoka tumbo moja la Kilatini, lakini kila moja limeolewa kwake.

Upande wetu kuna neno zuri ambalo ningependa lirudi kazini: “mtawalia”. Wazee walilitumia kwa vitu vinavyofuatana kwa mpangilio, na lingetuondolea nusu ya tabu hii. Siku hizi vitabu vya shule vimelihamishia kazi nyingine, ile ya kuoanisha orodha mbili, kama vile kusema kwamba Asha na Neema walipata alama 70 na 82 mtawalia. Basi tumebaki na “mfululizo” linalobeba kila kitu, na “bandika bandua” la mitaani, ambalo mimi ningelitumia bila haya kutafsiri “back-to-back”, hasa pale mambo mawili yanapopandana bila nafasi ya kuvuta pumzi.

Kinyume chake: pamoja

Neno huonekana vizuri zaidi likisimama karibu na mpinzani wake, na mpinzani wa “consecutive” Arusha amekaa mahakamani. Mtu akitiwa hatiani katika kesi moja kwa makosa mawili, akapewa kifungo cha miaka mitatu kwa kosa moja na mitano kwa lingine, kuna njia mbili za kuvitumikia. Vikiwa “consecutive”, kimoja kikiisha kingine kinaanza, naye anakaa miaka minane. Vikiwa “concurrent”, vinakwenda pamoja, naye anakaa mitano. Kwa sheria ya Tanzania vifungo hufuatana isipokuwa mahakama iamuru vitumikiwe kwa pamoja, kwa hiyo tafsiri ya hukumu inayoyachanganya maneno haya inaweza kumwongezea au kumpunguzia mtu miaka mitatu kwenye karatasi. Katika kazi ya namna hii mimi siandiki “mfululizo” hata kidogo. Ninaandika “kimoja baada ya kingine” na “kwa wakati mmoja”, hata kama aliyenipa kazi ananung’unika kwamba maneno yamekuwa mengi.

Mji huu unaufahamu pia upinzani wa pili, ule wa wakalimani. Mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyosikiliza kesi za mauaji ya kimbari ya Rwanda ilikuwa hapa, katika jengo la mikutano la AICC, hadi ilipofungwa mwishoni mwa mwaka 2015, na kazi zake zilihitaji Kiingereza, Kifaransa na Kinyarwanda. Ukalimani unaoitwa “simultaneous” ni ule wa mtu aliye ndani ya kibanda cha kioo, anayesema wakati msemaji bado anasema, huku wasikilizaji wakiwa na vipokea sauti masikioni. Ule wa “consecutive” tunauona kila mkutano wa injili unapofanyika uwanjani: mhubiri mgeni anasema sentensi mbili, ananyamaza, mkalimani aliyesimama begani kwake anazitoa kwa Kiswahili, naye mhubiri anaendelea. Hakuna sehemu ya mahubiri inayorukwa, lakini sauti ya kila mmoja inakatika na kusubiri. Sijapata mfano mwingine unaoonyesha waziwazi kiasi hiki kwamba kitu kinaweza kuwa “consecutive” pasipo kuwa “continuous”.

Mahali pake katika sentensi

Kiswahili husema “siku tatu mfululizo”, neno likiwa mwishoni. Kiingereza huliweka “consecutive” kati ya namba na nomino, na nomino inakuwa ya wingi: “three consecutive days”. Namba ikiwa ya kupanga, nomino hurudi kwenye umoja: “for the third consecutive day”. Wengi huandika “the third consecutive days”, na hilo ni kosa. Anayependa kuacha neno mwishoni kama tulivyozoea ana “in a row” na “running”, ambayo hukaa baada ya nomino, ila ayaweke katika barua ya rafiki au habari ya michezo, si katika mkataba. Magazeti ya Marekani hupenda “straight” kwa kazi hiyo hiyo, nalo hukaa mahali pale pale pa “consecutive”.

Katika kulitamka, mazoea yetu ya kukazia silabi ya pili kutoka mwisho hutufanya tuseme konse-KYU-tiv. Waingereza hukazia ya pili kutoka mwanzo: kon-SEK-yutiv. Utaeleweka kwa namna zote mbili.

Nimrudie yule kijana wa mlimani. Nilimpa sentensi mpya, kwamba mteja atalala Horombo mara tatu, na kati ya hizo mbili ni “consecutive”. Aliisoma, akaisoma tena, akakuna kichwa.

“Mwalimu, samahani lakini. Huyu si ataniuliza tena ni zipi hizo mbili?”

Nikamwambia ana haki. Tukaandika orodha: usiku wa kwanza Mandara, wa pili na wa tatu Horombo, wa nne Kibo, wa tano Horombo. “Consecutive” tukalifuta, akalipia kurasa mbili za kuchapa, akaondoka.